Seva Iliyoishia Herufi ya M

Kabla sijafika mbali, niseme mapema: nchi hii si yetu. Bendera yake inafanana na yetu kidogo, foleni zake zinafanana na zetu sana, na wakubwa wake hukohoa kabla ya kusoma hotuba kama wafanyavyo wa kwetu, lakini si yetu. Atakayedhani anaifahamu, hilo ni lake na nafsi yake, mimi simo.

Katika nchi hiyo mtu hakuhesabiwa kuwa hai kwa sababu ya kupumua. Kupumua kulichukuliwa ni jambo la binafsi, kila mtu na kwake. Mtu alikuwa hai kwa sababu jina lake limo katika Mfumo wa Walio Hai, na mfumo huo ulikaa ndani ya seva moja, kwenye chumba cha chini cha Ofisi ya Uhai wa Taifa. Ukienda hospitali, muuguzi anabonyeza jina lako kwanza. Mfumo ukijibu yumo, unatibiwa. Kusajili laini ya simu, kuandikisha mtoto shule, kuoa, ni hivyo hivyo. Hata kufa kulikuwa na utaratibu wake. Asiyekuwamo kwenye mfumo hakuruhusiwa kufa, kwa kuwa hati ya kifo hutolewa kwa mtu aliyekuwa hai, na kama hukuwa hai, umekufaje? Wananchi walielezwa hilo kwenye redio na wakaona lina mantiki.

Aliyeutunza mfumo huo ni Injinia Sikudhani, mwanamke wa makamo, sauti ya chini, mchapakazi, mwenye tabia mbaya moja tu: alikuwa akiamini anachosoma. Aliishi na mama yake, Bi Zuhura, ambaye figo zake ziligoma miaka michache iliyopita, na tangu hapo mara tatu kwa wiki alipelekwa Hospitali Kuu kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa mara moja, miguu hujaa na fahamu huanza kuyumba. Akikosa mara mbili, daktari alishamweleza Sikudhani kitakachotokea, na Sikudhani hakumwambia mama yake. Kila siku ya mashine, muuguzi alibonyeza Zuhura, mfumo ukajibu yumo, na Bi Zuhura akajilaza kitandani huku akiwachekesha wagonjwa wenzake. Sikudhani hakutaka kitu kingine duniani ila jibu hilo liendelee kutoka.

*

Sasa seva ile ilikuwa imezeeka. Ilipozwa kwa feni ya mezani iliyoazimwa Idara ya Fedha, na Idara ya Fedha walikuwa wakija kuidai kila joto linapozidi. Majibu yalianza kuchelewa. Bwana harusi mmoja alisubiri kuthibitishwa mpaka bibi harusi akapata muda wa kufikiri, akaghairi. Ndipo serikali ikaamua kwamba data zote zihamishiwe kwenye seva mpya, na Injinia Sikudhani akaagizwa akadirie mambo mawili: seva hiyo iwe na memori kiasi gani, na printa za kuchapa vyeti ziwe ngapi.

Hapa sina budi kueleza habari ya wembe, maana bila wembe hutaelewa kitu. Katika nchi hiyo faili hupanda meza hadi meza, na kila meza ni lazima ikate tarakimu iliyoletwa. Bosi anayepitisha tarakimu bila kuikata huulizwa maswali mawili tu: hukusoma, au umekula? Kwa hiyo mabosi wote hukata. Wenyewe wanaita kupitisha wembe. Mainjinia nao si wajinga, kwa hiyo huandika tarakimu yenye nyama. Anayehitaji mifuko kumi ya saruji huomba arobaini, wembe unapita, kumi inafika salama. Hivyo ndivyo madaraja ya nchi ile yalivyosimama, yale yaliyosimama.

Lakini mwaka huo alikuja Katibu Mkuu mpya, amerudi masomoni na tai nyembamba, akatoa Waraka wa Ukweli: kuanzia sasa tarakimu zote ziandikwe kama zilivyo. Mainjinia wengine waliusoma, wakacheka, wakaukunja na kuusokomeza chini ya mguu wa meza inayoyumba. Sikudhani aliusoma akauamini. Nilikwambia, ndiyo tabia yake.

Akakaa akapiga hesabu. Mfumo ule uliyaweka majina yote ya nchi kwenye memori ya seva kwa wakati mmoja, ili hospitali ikiuliza ijibiwe papo hapo. Jina lililokosa nafasi kwenye memori, kwa mfumo halipo. Printa nazo zilikuwa na midomo: kurasa zinazosubiri kuchapwa, zenye picha ya mwananchi na nembo ya taifa kwa rangi, hukaa kwenye memori hiyo hiyo, na kila printa inayofanya kazi hula giga moja. Akajumlisha majina, akajumlisha printa nne za kutosha vyeti, hakutia nyama hata nyuzi. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: memori giga 512, printa 4. Chini akaongeza: printa zisizidi hapo, kwa kuwa zinakula nafasi ya watu.

Akampelekea Bwana Pazi, mkurugenzi wake, mtu mwema mwenye kitambi na huruma.

"Umeweka nyama kiasi gani?" Bwana Pazi aliuliza, kalamu mkononi.

"Sikuweka, bosi. Waraka unasema tuandike kama ilivyo."

Bwana Pazi alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa anayesema amepona. "Dada Sikudhani, waraka umekwambia wewe uandike ukweli. Haukutwambia sisi tusikate."

"Basi nirudishie, nikaongeze."

"Faili limeshagongwa muhuri wa kupokelewa. Tarakimu ikipanda baada ya muhuri, hiyo ni jinai." Akafikiri, akakuna shavu. "Mimi nitakata kumi na mbili tu, kwa sababu nakuheshimu."

Akakata kumi na mbili. Na kwa kuwa moyo ulimsuta, akaongeza printa mbili.

*

Faili likapanda. Meza ya Mipango ikakata hamsini. Meza ya Ugavi ikakata hamsini nyingine, isionekane imezembea kuliko Mipango. Meza ya Maadili ikakata kwa kuwa tarakimu ile ilionekana ina majivuno. Lakini ofisa aliyekata naye hataki aonekane ni mtu wa kukata tu, hana mchango, kwa hiyo kila meza iliongeza printa. Printa ni kitu. Ina taa, ina mlio, unaiweka mezani juu yake unatandika kitambaa cha kufuma, mgeni akiingia anajua ameingia kwa mtu. Memori haitandikiwi kitambaa. Hivyo memori ikashuka ngazi kwa ngazi, printa zikapanda ngazi kwa ngazi, na zilipokutana kwa Waziri zilikuwa zinakaribia kulingana.

Waziri aliitwa Mheshimiwa Zumo. Alikuwa na suti zenye mifuko mingi na alipenda kuita wataalamu wamweleze ili apate kuwaeleza. Akamwita Sikudhani.

"Injinia, hii memori ndiyo nini hasa?"

"Mheshimiwa, ni kama viti vya sebuleni. Majina yote ya wananchi yanatakiwa yapate pa kukaa. Viti vikipungua, wengine wanabaki nje."

"Si wakae kwa kubanana?"

"Majina hayabanani, Mheshimiwa."

"Majina ya nchi gani hayo yasiyo na uzalendo?" Wasaidizi wake wakacheka kwa kiasi kinachoruhusiwa. Waziri akavuta faili. "Mimi nakwenda kuzindua kitu. Wananchi waje, waone. Printa wataiona. Hii memori, nani ameiona? Wewe mwenyewe umeiona?"

"Nimeipima, Mheshimiwa."

"Sikukuuliza kupima." Akaangalia tarakimu mbili zile, moja juu ya mia tatu kidogo, nyingine chini ya mia tatu kidogo, na uso wake ukanawiri. "Serikali hii ni ya usawa. Memori mia tatu, printa mia tatu. Hakuna wa kulalamika."

Sikudhani alipiga hesabu kichwani. Mia tatu kutoa mia tatu, hata mtoto wa darasa la pili anajua jibu. Akakaza roho akasema, "Mheshimiwa, printa zote zikifanya kazi kwa pamoja, haitabaki nafasi ya mtu hata mmoja."

"Injinia," Waziri akasema kwa upole, "wewe ni mtu wa kukatisha tamaa. Mpeni chai."

Akapewa chai. Akainywa, kwa sababu alikuwa hajui afanye nini kingine.

*

Siku ya kuhamisha, chumba cha chini kilipigwa rangi, utepe ukakatwa, ngoma tatu zikachezwa mbele ya seva mpya. Printa zilikuwa bado kwenye maboksi. Sikudhani akabonyeza, majina yakaanza kuhama kwa mpangilio wa alfabeti, kina Abdu, kina Bahati, kina Chausiku. Kila mtu alipiga makofi. Akina Juma walichukua muda kwa wingi wao. Yakaingia ya K, yakaingia ya L, yakaanza ya M, na yalipofika katikati ya kina Mwanahamisi, seva ikanyamaza. Memori ilikuwa imejaa.

Watu wakamtazama Sikudhani. Sikudhani akamtazama Waziri. Waziri akakohoa, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, uhamishaji umefanikiwa kwa asilimia mia moja, kwa wale wote waliohama."

Makofi yakapigwa tena. Seva ya zamani ilikwishazimwa na kukatwakatwa hapo hapo mbele ya kamera, ili kuonyesha dhamira. Sikudhani alisimama kwenye kona, na kitu pekee kilichokuwa kikizunguka kichwani mwake kilikuwa herufi Z.

Kesho yake aliomba ruhusa, akampeleka mama yake kwenye mashine mwenyewe. Pale dirishani alikuwapo muuguzi wao wa siku zote, Rukia, aliyemjua Bi Zuhura hadi aina ya chai anayopenda. Rukia akabonyeza. Akabonyeza tena. Akafuta kioo kwa kiganja.

"Bibi, mfumo unasema humo."

"Humo wapi, mwanangu?"

"Kwenye walio hai."

Bi Zuhura akajitazama mikono, mbele na nyuma. "Mbona sijaaga watu?"

"Rukia," Sikudhani alisema, "huyu ni mama. Unamwona."

"Namwona, dada. Ila kuona si utaratibu. Nikiwasha mashine kwa mtu asiyekuwamo, inajifunga yenyewe." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajajua kwamba naye hayumo, angeambiwa jioni wakati wa kukabidhi zamu.

Mashine ile ikalala tupu siku nzima, kitanda kimetandikwa. Bi Zuhura akarudishwa nyumbani na damu yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukosa.

*

Serikali haikulala. Baraza lilikaa, likaona kwamba watu nusu ya nchi wamekosa memori, na kwamba kwa bahati nzuri kuna printa mia tatu mpya hazina kazi. Likatoa ufumbuzi: mwananchi asiyekuwamo kwenye memori achapwe. Kila mmoja atatolewa karatasi yake yenye picha, na hospitali itaipokea karatasi hiyo badala ya jibu la mfumo. Uchapaji uanze kwa alfabeti, kuanzia pale seva ilipoishia, kwa sababu kupendelea ni kosa.

Sikudhani alikimbia ngazi hadi kwa Bwana Pazi. Mlinzi wa getini alishaacha kumruhusu kama mfanyakazi, kwa kuwa S nayo ilikuwa nje. Sasa aliingia kama mgeni, akajaza sababu ya ujio: kufanya kazi.

"Bosi, msiziwashe. Kila printa inakula giga. Zikianza kuchapa walioachwa nje, zitawafukuza walio ndani."

"Hao nao watachapwa."

"Na wakichapwa printa zinaendelea kula, wanatoka wengine."

"Nao watachapwa, dada." Bwana Pazi alisema bila furaha. Yeye pia alikuwa P, na asubuhi hiyo benki ilikuwa imemsikitikia mkewe kwa kufiwa. "Mimi nakuelewa. Naapa nakuelewa. Nimeandika maoni yangu, meza ya juu wamekata nusu, na nusu iliyobaki inasomeka kama naunga mkono."

Printa zikawashwa. Ukumbi mzima ukawa unanguruma, wageni kutoka nchi jirani wakaletwa kusikiliza. Karatasi za kina Mwanahamisi wa nusu ya pili zikaanza kutoka, na wakati zinatoka seva ikawasahau kina Mwajuma. Ikawasahau kina Leonadi. Kwa vile foleni ilikuwa ya alfabeti, kila kundi jipya lililosahauliwa liliingia mbele ya foleni, maana K ni kabla ya N na utaratibu ni utaratibu. N iliyokuwa inakaribia ikarudi nyuma. R ikarudi nyuma zaidi. Na Z, ambayo Sikudhani alikuwa akiichungulia kwenye kioo kila baada ya muda, ilikuwa ikienda mbali kadiri printa zilivyoongeza bidii. Akakaa kwenye kiti chake cha mgeni akashika tama. Hesabu yote aliijua, na kuijua hakukumsaidia kitu.

Jambo la kushangaza ni kwamba seva haikusahau watu wote. Printa kadhaa zilikuwa zimekwamwa na karatasi, na giga zile zisizoliwa ndizo zilizowaacha hai watu wa mwanzo kabisa, wenye A. Siri hii ilipojulikana, ikatolewa amri printa mbovu zilindwe na askari, mtu asije akazitengeneza.

Na wakubwa nao wakajua la kufanya. Mheshimiwa Zumo alikwenda kulala Zumo akaamka Aazumo. Naibu wake, asiachwe nyuma, akawa Aaazumi. Waziri hakukubali kutanguliwa na naibu, akaongeza mbili, naibu akaongeza tatu, mpaka mtangazaji wa redio akawa anavuta pumzi nje ya studio kabla ya kuingia kusoma habari. Mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kujiongezea herufi kiholela, huo ungekuwa utovu wa nidhamu. Yeye alitakiwa achukue jina lililokwisha tengenezwa kutoka Ghala la Majina, moja kwa kila mtu, na majina ya ghala yalikwisha siku ile ile kabla ya saa ya chai.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mashine. Sikudhani aliingia kwa Bwana Pazi, hakuketi, hakusalimu.

"Mama yangu akikosa na leo, anakufa," alisema. "Sisemi anaondoka kwenye mfumo. Anakufa."

Bwana Pazi, ambaye sasa kibao cha mlango wake kiliandikwa Aapazi, alifungua droo akatoa kikaratasi. "Nilikuwa nimemwekea mama mkwe. Chukua. Mke wangu nitamwambia ghala lilifungwa."

Kikaratasi kiliandikwa Aabida.

*

Ndani ya teksi, Bi Zuhura alikuwa ameegemea kioo. Miguu imejaa, macho mazito, maneno yalikuwa yakimtoka moja moja. Sikudhani alimshika mkono.

"Mama, leo wewe si Zuhura. Leo unaitwa Aabida. Wakiita Aabida, ni wewe. Unanyoosha mkono."

"Aabida."

"Eeh. Nani Aabida?"

"Mimi."

"Tena."

"Mimi, mwanangu. Jina zuri. La nani?"

"Lako, mama."

Walirudia mpaka hospitali. Pale dirishani Rukia hakuwapo tena, kwa kuwa sheria haimruhusu asiye hai kushika sindano. Alikuwapo kijana mgeni, ambaye kwa bahati yake aliitwa Aamosi, na ambaye kwa agizo jipya alitakiwa aite majina kwa kipaza sauti bila kutoka dirishani. Akabonyeza Aabida. Mfumo ukajibu yumo. Sikudhani alilisoma neno hilo kwenye kioo mara mbili.

"Asubiri kwenye benchi, ataitwa," kijana alisema.

Ndipo simu ya Sikudhani ilipolia. Kikao cha dharura kwa Waziri, mtaalamu wa seva anatakiwa sasa hivi, asiyefika atahesabiwa amehujumu. Alimtazama mama yake. Mama yake akampungia mkono, nenda, nenda, kazi ndiyo inayotulisha. Sikudhani akamwambia mwanamke mmoja wa benchi ya pili amwangalizie, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akakimbia.

Kumbe hakukuwa na dharura. Kilikuwa kikao cha kujipongeza. Simu zilikusanywa mlangoni, mlango ukafungwa, na kwa desturi ya nchi ile hakuna anayetoka kabla mwenyekiti hajamaliza. Mheshimiwa alisoma hotuba ya mafanikio ya printa, ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa ulikuwa umechapwa kwa rangi. Akasema sasa ni awamu ya pili, printa ziongezwe, na akamtaka Injinia Sikudhani asimame apigiwe makofi kwa makadirio yake, kwa sababu bila makadirio yasingekuwapo ya kurekebisha.

Sikudhani akasimama. "Mheshimiwa, naomba ruhusa. Mama yangu yuko hospitali."

"Pole sana. Anaitwa nani?"

Akasita. "Aabida."

Waziri akamwashiria msaidizi, msaidizi akabonyeza kompyuta yake, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Yumo, Mheshimiwa."

"Yumo," Waziri akarudia, akiwageukia wajumbe mikono imefunguka. "Mnaona mfumo unavyofanya kazi? Sasa wasiwasi wa nini, injinia? Kaa."

Akakaa. Bwana Pazi, aliyekuwa kando yake, akainamisha kichwa na kuanza kuhesabu vifungo vya shati lake. Hotuba ikaendelea.

*

Alipofika hospitali, taa za chumba cha mashine zilikuwa zimezimwa na mlango umefungwa kwa kufuli. Wagonjwa walikwisha kwenda. Yule mwanamke wa benchi ya pili naye aliitwa, akasafishwa, akaenda zake. Kijana wa dirishani alikuwa amefunga zamu.

Bi Zuhura alikuwa peke yake kwenye korido, ameketi wima, mkoba mapajani, ushungi umekaa vizuri kama mtu aliyetoka nyumbani sasa hivi. Viatu vilikuwa vikimbana, alivivua akavipanga kando ya benchi. Aliposikia hatua akainua uso, akatabasamu.

"Mama," Sikudhani alisema. "Wamekusafisha?"

"Bado, mwanangu. Hawajaniita."

"Walikuita, mama. Lazima walikuita."

"Hapana. Tangu ulivyoniacha sijaondoka hapa, hata chooni sijaenda. Nasikiliza tu." Alivuta pumzi, ikaja kidogo, akangoja mpaka akapata nyingine. "Wameita wote. Kuna mmoja wamemwita sana. Aabida, Aabida, yule kijana amerudia mpaka amechoka, mwenyewe hakutokea. Kitanda chake akapewa mwingine."

Sikudhani alipiga magoti sakafuni, akaishika ile miguu iliyojaa.

"Nimemwombea, maskini," Bi Zuhura akasema. "Nikawa najiuliza, mama wa watu, ina maana hana hata mtoto wa kumleta?"